Duka Limepangwa Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Malindi

Wiki mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani, supamaketi moja inayotegemewa na wengi wetu hapa Malindi ilifungwa mapema jioni ya Jumapili, na wateja walioingia kesho yake asubuhi walikuta kila kitu kimehama. Unga ulikuwa mahali pa sabuni, chumvi haikuonekana, na sakafuni, pale zilipokuwa rafu za zamani, ilibaki mistari ya vigae vyeupe kuliko vingine. Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali mengi, kwa sababu majirani wanajua kwamba nilifanya kazi ya kupanga rafu kwa miaka sita katika duka jingine la aina hiyo. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi na kuyajibu kwa kadiri ninavyoijua kazi yenyewe.

Je, ni mimi peke yangu ninayepotea humo ndani?

La. Katika wiki ya kwanza niliwaona watu wa kila rika wakisimama katikati ya njia, kikapu mkononi, wakitazama juu, kisha wakirudi walikotoka. Mtu anayenunua mahali pamoja kwa miaka mingi haitafuti tena bidhaa. Miguu humpeleka, na macho huja baadaye kuhakikisha. Mpangilio ukibadilika anapoteza ujuzi alioujenga mwenyewe, safari baada ya safari, na hasira anayoisikia ni ya mtu aliyenyang'anywa kitu chake bila kuulizwa. Mimi naiona kuwa hasira ya haki, na sikubaliani na wale wanaosema kwamba watu wa pwani hawapendi mabadiliko.

Bibi mmoja, jirani yetu wa Shela, niliyemsindikiza Jumatano ya wiki ile, alikwenda moja kwa moja hadi mahali ilipokuwa chumvi siku zote. Akachukua pakiti iliyokuwa hapo, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasikia biskuti zikivunjika ndani, akairudisha taratibu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, chumvi mmeipeleka wapi?" Alisema "mmeipeleka" kwa kuwa aliwahi kuniona nikiwa nimevaa aproni ya kazi, na sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwenda kuitafuta pamoja naye. Tuliikuta njia ya sita, chini, nyuma ya katoni za maji.

Kwa nini duka lihamishe vitu ambavyo kila mtu ameshajua vilipo?

Sababu ni nyingi, na baadhi yake ni za maana kabisa. Bidhaa mpya huletwa kila mwezi ilhali rafu hazirefuki, kwa hiyo lazima nyingine zisogezwe. Vitu vizito kama magunia ya mchele ya kilo 25 na madumu ya mafuta ya lita 20 hupendelewa vikae karibu na mlango wa stoo, ili vijana wa kubeba wasivikokote katikati ya wateja. Vitu vidogo vya bei kubwa, kama wembe, betri na vipodozi, husogezwa mahali ambapo keshia au askari anaviona, kwa sababu ya wizi. Nayo mafriza yanatakiwa kuwa mbali na mlango, jambo ambalo katika joto letu la kaskazi si dogo: friza la wazi lililokaa karibu na mlango unaofunguliwa kila dakika hula umeme mwingi, na samaki aliyemo huanza kulainika.

Kuna sababu nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Nafasi kwenye rafu ni mali. Katika biashara hii, hapa na duniani kote, kampuni zinazotengeneza bidhaa hujadiliana na maduka juu ya nafasi hiyo, na mara nyingine hulipia ili bidhaa zao zikae usawa wa macho au kwenye kichwa cha rafu, pale pembeni ambapo kila anayegeuka huziona. Mkataba ukiisha, bidhaa hushuka chini au huhamia upande mwingine, na mteja huona tu kwamba sabuni yake imetoweka. Tulikuwa tukipokea michoro ya rafu kutoka ofisi kuu ikionyesha kila pakiti itakaa wapi na zitakuwa ngapi kwa safu, na kazi yetu ilikuwa kuufuata mchoro. Aliyeuchora hakuwahi kumwona mteja wa Malindi akinunua.

Malindi nayo ina msimu wa wageni. Waitaliano wamekuwa sehemu ya mji huu tangu miaka ya 1960, kituo chao cha kurushia setilaiti kilipoanzishwa Ngomeni, na tambi zao, jibini na mafuta ya zeituni husogezwa mbele miezi ya wageni, kisha hurudishwa nyuma masika yanapoingia na baadhi ya hoteli kufungwa. Mabadiliko ya namna hiyo wenyeji tumeyazoea kwa sababu huja na majira yake.

Ila hakuna hata moja katika sababu hizi inayoeleza kwa nini kazi yote ifanywe kwa usiku mmoja, bila tangazo, wakati ambapo kila nyumba inanunua tende, tambi, sukari na unga wa ngano kwa ajili ya futari. Mabadiliko yangeweza kufanywa njia moja moja, kwa muda wa mwezi, au yangesubiri Idi ipite.

Je, wanafanya makusudi ili tuzunguke na kununua zaidi?

Sehemu yake ni makusudi, na desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi. Zamani mnunuzi hakuwa akigusa bidhaa. Alisimama mbele ya kaunta na kutaja haja yake, mwenye duka akageuka na kumletea, kama tunavyofanya hadi leo katika maduka ya Maweni au Barani tunaposema "nipimie robo ya sukari." Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, ambamo mteja aliingia mwenyewe, akachukua kikapu na kujichagulia. Njia ndani ya duka hilo ilikuwa moja, inayopindapinda kutoka mlangoni hadi kwa keshia, kiasi kwamba mtu hakuweza kufika kulipa bila kupita mbele ya rafu zote. Saunders aliuombea mpango wake hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake, akaipata mwaka 1917. Kwa hiyo tangu siku mteja alipoachiwa ajihudumie, njia ya kupita alikwisha kuchorewa.

Kazini tulielekezwa kwamba bidhaa yenye faida kubwa ikae kati ya kifua na macho, na ile ya bei nafuu ikae magotini au juu kabisa. Ukitaka kuokoa pesa, inama. Mchele wa bei ya chini, sabuni ya mche na chumvi isiyo na jina kubwa mara nyingi viko kwenye rafu ya mwisho.

Kuhusu kuhamisha rafu zenyewe, nililoliona ni kwamba mteja mwenye muda, anapotafuta sukari, huokota vitu vitatu ambavyo hakuwa navyo akilini. Mteja mwenye haraka hukitua kikapu chake palepale na kutoka. Duka humhesabu yule wa kwanza kwa sababu risiti yake ipo. Yule wa pili haachi karatasi yoyote, na ndiyo maana nawasihi wanaoondoka kwa hasira waseme neno kabla ya kutoka.

Kwa nini maziwa na mkate vimewekwa nyuma kabisa?

Kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Chumba cha baridi na jiko la mikate huwa nyuma, karibu na mlango wa kupokelea mizigo, na ni rahisi kuyajaza majokofu kutokea huko. Tena kila mtu hununua maziwa na mkate, kwa hiyo kuviweka nyuma ni kumfanya kila mtu apite duka zima. Anayetaka nusu lita ya maziwa tu atapata nafuu zaidi kwenye kioski cha mtaani kwake.

Mama yangu hajui kusoma, na alikuwa akinunua mwenyewe bila shida. Sasa anaogopa kwenda. Nifanye nini?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kwa mtu asiyesoma, mahali pa kitu ndipo maandishi yake. Wazee wetu wengi wanaijua bidhaa kwa rafu yake, kwa rangi ya pakiti, kwa picha iliyochorwa na kwa uzito wake mkononi, na katika alama hizi mahali ndipo pa kutegemewa zaidi, kwa kuwa kampuni hubadilisha rangi na picha mara kwa mara na pakiti za aina mbili za kampuni moja hufanana. Mama mmoja wa mtaani kwetu alichukua unga kutoka mahali ambapo kwa miaka palikuwa na unga wake wa mahamri. Ulikuwa wa ngano, wa kampuni ileile, kilo mbili vilevile, lakini ulikuwa umekwisha kutiwa viumushi kiwandani. Akauchanganya na hamira kama kawaida yake, na mahamri ya asubuhi, ambayo huyauza, yakamharibikia yote. Hakumlaumu mtu, alidhani macho yake yameanza kudhoofika. Mimi nasema macho yake yalikuwa mazima, na kosa lilikuwa la aliyebadilisha alama bila kumwambia.

Njia niliyoiona ikifaa ni kumsindikiza mara moja bila nia ya kununua kitu. Chagua siku ya katikati ya wiki, baada ya saa tatu asubuhi, watoto wakiwa shuleni na foleni ikiwa fupi. Epuka mwisho wa mwezi na siku ya mkesha wa sikukuu. Mtembeze polepole, naye ajitajie mwenyewe alama zake: baada ya friza la samaki, kata kulia kwenye ndoo, mchele uko mkono wa kushoto. Usimpe alama za vitu vinavyohamishwa kila wiki, kama rundo la ofa. Mpe nguzo, friza, mlango wa stoo, ngazi.

Jambo la pili, mama aache kutupa pakiti tupu. Ya unga, ya majani ya chai, ya dawa ya kufulia, zote azikunje na kuzitia mkobani. Akimwonyesha mhudumu pakiti hiyo na kusema, "Mwanangu, nitafutie kama hii," hakuna haja ya kusoma wala kuona haya, na mhudumu hulinganisha pakiti kwa pakiti. Nikiwa kazini, wateja waliokuja na pakiti tupu niliwahudumia haraka kuliko wote, kwa kuwa hapakuwa na kubahatisha.

Jambo la tatu, mhudumu aombwe afuatane na mzee hadi rafuni. Kunyoosha kidole na kusema "njia ya saba" hakumsaidii asiyesoma namba iliyoning'inizwa juu, wala asiyeona vizuri. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa umma na kupata habari, na mtu mwenye uoni hafifu aliyekuwa akijitegemea katika duka hadi juzi anayo sababu nzuri ya kuikumbusha haki hiyo.

Kwa nini mabango mapya yote ni ya Kiingereza?

Kwa kawaida mabango hutengenezwa kwa pamoja kwa ajili ya matawi yote ya nchi, na aliyeyaagiza huona kwamba lugha moja inatosha. Hapa haitoshi. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika mji ambao watu huongea Kiswahili tangu kuzaliwa hakuna udhuru wa kuacha kuandika "Unga", "Sabuni" na "Vyakula vya Watoto". Picha kubwa juu ya kila njia, mche wa sabuni, kikombe, samaki, ingewafaa wazee na wageni kwa pamoja. Hili ni ombi la gharama ndogo, na nashauri kila mwenye kuzungumza na msimamizi alitangulize.

Bei niliyoiona rafuni si ile niliyotozwa kwenye kaunta. Je, nimeibiwa?

Mara nyingi ni uzembe, ingawa maumivu ya mfukoni ni yaleyale. Lebo ya bei hutiwa ndani ya utepe wa plastiki ulio kwenye ukingo wa rafu. Duka linapopangwa upya, bidhaa huhamishwa kwanza, usiku, na lebo hufuata baadaye. Kwetu tulihamisha mizigo kwa usiku mmoja, lakini lebo zilichukua siku tatu kufika zote, na katika siku hizo lebo ya sabuni ndogo ilikaa chini ya sabuni kubwa.

Zamani bei ilibandikwa kwenye kila pakiti. Msimbo wa mistari, ile mistari myeusi ya pakiti inayosomwa na mashine ya kaunta, ulipoanza kutumika, pakiti ya kwanza kabisa ikiwa ya chingamu katika mji wa Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, bei ikahamia ndani ya kompyuta, na mteja akabakiwa na lebo ya rafu peke yake. Ndiyo sababu lebo hiyo inastahili kusomwa kwa makini: angalia jina la bidhaa, uzito au ujazo, kisha linganisha tarakimu nne za mwisho za msimbo wa lebo, ikiwa zimeandikwa, na zile za pakiti. Zisipolingana, lebo si ya bidhaa hiyo. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya lebo na pakiti pamoja. Kwenye kaunta, tazama skrini kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, kwa sababu kurekebisha kabla ya kulipa ni kazi ya dakika moja na kurudishiwa baadaye ni kazi ya saa nzima.

Ikiwa bei ya kaunta ni kubwa zaidi, mwombe keshia kwa upole amwite msimamizi na umwonyeshe ile picha. Keshia mwenyewe hana mamlaka ya kubadilisha bei, na kumfokea ni kumwonea. Msimamizi anajua kwamba Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumwona msimamizi aliyeoneshwa lebo akakataa kuifuata.

Friza la nyama ya nguruwe limewekwa kando ya soseji za halali. Je, ni haki kulalamika?

Ni haki, na ni lalamiko nililolisikia kutoka kwa watu wengi kuliko mengine yote isipokuwa lile la chumvi. Mpangilio wa zamani ulikuwa na friza la nguruwe pembeni kabisa, likiwa na vifaa vyake, na ulifanywa hivyo na watu walioujua mji. Katika mpangilio mpya mafriza mawili yaligusanishwa, na mtu aliweza kuokota pakiti, akaghairi, akaitupa katika friza la jirani. Alama ya halali kwenye pakiti inahusu jinsi nyama ilivyochinjwa na kutengenezwa. Haiwezi kuilinda pakiti iliyokaa chini ya nyingine inayovuja. Wateja wasio Waislamu wanaonunua nyama ya nguruwe nao wanahudumiwa vizuri zaidi inapokuwa na mahali pake panapojulikana. Ndiyo maana tuliomba friza lihamishwe; lina magurudumu na waya mmoja wa umeme, na watu wawili wanaweza kulisogeza kabla ya duka kufunguliwa.

Peremende zimewekwa karibu na kaunta, usawa wa macho ya mtoto. Na maziwa ya unga ya watoto wachanga je?

Peremende ziko hapo kwa sababu foleni humfanya mtoto asubiri, na mtoto anayesubiri huomba. Unaweza kumwomba msimamizi atenge kaunta moja isiyo na peremende. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yana sheria yake: tangu mwaka 2012 Kenya inadhibiti utangazaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama, na kuyapanga kwa maonyesho maalumu ili kuvutia wanunuzi ni kosa. Ukiyaona yamejengwa mnara kwenye kichwa cha rafu, mwambie msimamizi.

Njia zimekuwa nyembamba. Kiti cha magurudumu hakipiti.

Kwa wiki mbili za kwanza nilipima kwa hatua: njia ya vinywaji ilimruhusu mtu mmoja na toroli, na maboksi ya tende yaliyopangwa sakafuni yalipunguza hata hiyo. Maboksi ya sakafuni hayamo katika mchoro wa ofisi kuu. Huongezwa na tawi, kwa hiyo tawi lina uwezo wa kuyaondoa leo hii. Ukikwama, usiombe radhi kwa walio nyuma yako. Mwite mhudumu ayasogeze, na mwombe aache nafasi hiyo wazi.

Itachukua muda gani kuzoea?

Anayekwenda kila wiki huzoea baada ya safari nne au tano. Anayekwenda mara moja kwa mwezi, baada ya mshahara, anaweza kuhangaika nusu mwaka.

Malalamiko tuyapeleke kwa nani, na kwa namna gani?

Anzeni kwa msimamizi wa tawi, ana kwa ana, na mwende wawili au watatu mkiwa na mambo machache yaliyoandikwa. Lalamiko la jumla kwamba duka limeharibiwa halina wa kulifanyia kazi. Lalamiko kwamba chumvi iko chini, nyuma ya katoni za maji, na wazee hawawezi kuinama, linaweza kutekelezwa kabla ya adhuhuri. Kama suala ni la bei au udanganyifu na tawi limekataa kusikiliza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Wekeni risiti na picha zenu.

Sisi tulikwenda watu watatu, pamoja na yule bibi wa Shela. Msimamizi alitukaribisha akatupa viti, akaandika tuliyoyasema. Kuhusu mabango alisema ni lazima aulize ofisi kuu, na bado tunasubiri. Kuhusu friza alituahidi wiki moja, na lilihamishwa siku ya tisa. Kuhusu chumvi alisimama, akamwomba bibi amwonyeshe, wakaenda pamoja hadi njia ya sita. Siku ya Ijumaa tuliikuta kando ya sukari, rafu ya tatu kutoka chini, mahali ambapo mkono wake unafika.